Fungate yetu ya mawimbi: siku saba ndani, siku tisa baharini



Tangu turudi safari tumeulizwa mambo matatu kwa zamu. Mlikwenda wapi? Mlitumia kiasi gani? Na hivi kweli, mwanamke wa Kiislamu anaweza kwenda fungate ya kupanda mawimbi akarudi na stara yake na mapenzi yake yote? La tatu ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo lililotushughulisha sisi wenyewe miezi mitano kabla ya ndoa.

Kwanza mtujue. Sisi ni wawili. Mmoja wetu amezaliwa Jambiani, bahari ipo mlangoni, na kazi yake ni kufundisha wageni kaiti pale Paje. Mwengine ni mtoto wa Mkunazini ambaye mpaka anachumbiwa bahari aliijua kwa kukaa Forodhani na kwa boti ya kwenda Pemba. Nani ni nani, mnajua wenyewe. Humu tutasema "sisi" kwa kila jambo, maana tumeandika pamoja, mmoja akifuta mwengine akirudisha.

Sasa, kuna jambo kubwa lililokuwa mezani kabla hata ya kuchagua kisiwa. Wengi wenu mnakumbuka Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikienda Pemba, na Julai ya mwaka uliofuata, Skagit ilipozama ikitokea Dar es Salaam. Baada ya hapo nyumba nyingi za kwetu, mtoto wa kike akitaja kuogelea anaangaliwa kama ametaja kufa. Mama yetu wa Mkunazini alimpoteza jirani waliyecheza pamoja udogoni. Kwa hiyo aliposikia mkwe mtarajiwa anataka kumpeleka mwanawe fungate penye mawimbi, hakugomba. Alinyamaza siku mbili, kisha akaita somo wake wa zamani, wakakaa ndani na mlango umefungwa. Kwa wanaojua nyumba zetu, huko kunyamaza ni kuzito kuliko matusi.

Somo ndiye aliyetoka na hoja, na hoja yake haikuwa ya bahari. Alisema: fungate ni saba. Na kweli, neno lenyewe ndiyo maana yake, siku saba. Zamani bwana na bibi harusi hukaa ndani siku saba, chakula kinatoka kwao mwanamke, somo yuko karibu, hakuna anayebisha hodi kwa maneno ya kipuuzi. Siku hizi tumeiacha ile ya ndani tukabaki na jina tu, tunalipeleka hotelini. Bibi yule akasema mkitaka kwenda mnakokwenda nendeni, lakini saba zangu nipeni kwanza.

Tukampa. Na tunasema bila ya kuona haya kwamba lile ni wazo bora kuliko yote tuliyosoma kwenye kurasa za watu wa fungate. Maharusi wanatoka ukumbini usiku wa manane, alfajiri wako uwanja wa ndege, miguu imevimba, piko haijakauka vizuri, hawajazoeana hata kuamshana Sala ya Alfajiri, halafu wanatarajia mapenzi yachanue kwenye foleni ya pasipoti. Sisi tulikaa siku saba ndani Jambiani, tukala, tukalala, tukasingwa, tukajuana. Tulipopanda ndege hatukuwa wageni kwa wenzetu.

Haya, kisiwa. Watu wa mawimbi wakisema nchi za joto hutaja Bali, hutaja Sri Lanka, hutaja Maldivi. Kwetu pia mawimbi yapo, lakini Paje wimbi la kweli linavunjika nje ya mwamba, mbali, unakwenda kwa ngarawa au boti, na ndani maji yakikupwa unatembea kwa miguu. Paje ni kwa kaiti. Halafu, nani anakwenda fungate ofisini kwake?

Tulichagua Maldivi, na sababu ya kwanza ilikuwa adhana. Watu wa visiwa vile wamesilimu tangu 1153. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika pwani yetu, Mombasa na Kilwa, baadaye katika miaka ya 1340 alifika Maldivi wakamfanya kadhi, na akaoa kule zaidi ya mara moja, lakini hiyo si mada ya leo. Sababu ya pili ni kwamba tangu 2009 serikali yao iliruhusu nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi wenyeji. Kabla ya hapo mgeni alikuwa wa hoteli za kifahari tu, kila hoteli na kisiwa chake. Kwenye kisiwa cha wenyeji hakuna pombe, hakuna nguruwe, mbwa haruhusiwi kuingizwa nchini, na mtu akitaka kuvaa nguo ndogo za kuogelea ametengewa ufukwe wake pembeni. Bibi harusi aliyejisitiri hapo si kituko. Ni mtu wa kawaida kama alivyo Mkunazini. Hoteli za kifahari ni nzuri, tumeziona kwa mbali, lakini pombe ipo, na ile nyumba ya juu ya maji inayopigwa picha na kila mtu ingemaliza fedha zetu za maisha ya mwaka mzima.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Thulusdhoo, kaskazini ya Malé. Boti ya kasi ni kama nusu saa na kidogo, feri ya serikali ni polepole na rahisi zaidi, ila Ijumaa haitembei, hilo mliandike. Kuna kiwanda cha Coca-Cola kinachotumia maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na wimbi la hapo jirani kwa ajili hiyo wanaliita Cokes. Ng'ambo yake kuna lingine, Chickens, kwa sababu palikuwa na shamba la kuku. Kisiwa cha jirani, Himmafushi, kilikuwa na jela, basi wimbi lake ni Jailbreaks. Tulicheka sana na majina haya. Hao ndio watu wa mawimbi, jina la wimbi wanalipata kwa kilichopo ufukweni.

Hapa tumtaje mtu mmoja, maana kisa chake kilitugusa. Mwaka 1973 kijana wa Australia, Tony Hinde, chombo alichosafiria kilikwama mwambani huko Maldivi. Akaona mawimbi, akabaki. Akasilimu, akaitwa Tony Hussein Hinde, akaoa mwanamke wa kule, na kwa miaka mingi ile raha aliijua yeye na wenzake wachache tu. Alifariki 2008 akiwa majini, kwenye wimbi la Pasta Point alilolipenda. Mtu alipelekwa na mwamba kwenye Uislamu na ndoa. Sisi tulikwenda kinyume chake, kutoka kwenye ndoa kuelekea mwambani.

Tarehe ndiyo iliyotaka kututoa damu. Msomaji wa kwetu haya mambo anayaelewa upesi, maana bahari ni moja: kama sisi tuna kaskazi na kusi, wao wana iruvai na hulhangu. Kaskazi bahari yao imetulia, jua kali, maji kama kioo, ndiyo miezi ya picha nzuri. Kusi ndipo mawimbi makubwa yanapotoka huko kusini ya mbali, na mvua nayo ipo. Mmoja wetu alitaka Juni, mawimbi yakiwa yamekomaa. Mwengine alitaka Februari. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzo wa Machi, kwa hiyo Februari ingekuwa harusi ya mbiombio, na Juni ni mbali kwa watu waliokwishaposana. Tukaoana katikati ya Mfunguo Mosi, tukaondoka mwisho wa Aprili, wakati msimu wa mawimbi unaanza kuamka na pepo bado hazijachacha. Hapo hakuna aliyepata alichokitaka chote, na hakuna aliyekosa. Nyumbani masika yalikuwa yanapiga bati, kwa hiyo hata hamu ya kubaki haikuwepo.

Na bibi harusi, tukuambie la kike: kabla ya kukata tiketi hesabu siku zako za mwezi. Hakuna anayeliandika hili. Safari ya bahari ya siku tisa, siku sita ukiwa nje ya Sala na nje ya maji, si mwisho wa dunia, lakini kama tarehe ipo mikononi mwako, isogeze.

Mavazi. Vazi la kuogelea la stara, lile lililobuniwa na Aheda Zanetti huko Australia, leo linauzwa kila mahala, lakini la kukaa ufukweni na la ubaoni si moja. Ukilala kifudifudi juu ya ubao ukapiga makasia kwa mikono, blauzi ndefu inapanda mpaka kifuani, na wimbi likikupindua inakujia usoni. Tafuta lenye kitanzi cha kufungia blauzi kwenye suruali. Kitambaa kisiwe kizito, kisinywe maji. Kofia yake iwe ya kubana kidevuni, chini yake funga nywele kwa kitambaa chepesi. Juu ya suruali tulivaa sketi fupi ya kitambaa hicho hicho, tuliishona kwa fundi wetu wa Darajani, na ilikaa. Na piko? Chumvi inaila haraka. Ya siku ya harusi ilikuwa imefifia siku ya nne baharini, usije ukalia kama tulivyoona mtu akilia.

Lakini nguo ni nusu ya stara. Nusu nyengine ni mikono ya watu. Anayejifunza mawimbi hushikwa: mwalimu anaushika ubao, anakusukuma, ukianguka anakuvuta mkono. Tuliandika mapema kwenye nyumba ya wageni kuuliza kama yupo mwalimu mwanamke, wakatujibu yupo. Tulipofika hayupo, na inaonekana hakuwepo tangu mwanzo. Wakatuletea kijana mpole, mwenye adabu zake, hatuna la kumlaumu. Tukamshukuru tukamrudisha. Mume akawa mwalimu.

Hili lilitokea kwa sababu tayari tulikuwa na kitu cha kutegemea. Miezi mitatu kabla ya harusi yule mtoto wa Mkunazini alijifunza kuogelea, kwa mwalimu mwanamke, pwani ya mashariki, asubuhi mapema. Kwetu jambo hili si geni tena. Mradi wa Panje, kule kaskazini upande wa Nungwi, umekuwa ukiwafundisha wasichana wa skuli kuogelea na kuokoana, wakiwa wamejisitiri mwili mzima. Sharti la mama lilikuwa hilo: mwanangu haingii kwenye maji ya watu mpaka aweze kuelea mwenyewe bila ya kushikwa. Tulidhani ni kikwazo. Kumbe alichotupa ni zawadi, kwa sababu mtu anayejua kuelea hamng'ang'anii mwenzake kwa hofu, na mume anayefundisha hafundishi huku roho iko juu.

Tuseme wazi, mawimbi ya Maldivi si ya mwanafunzi. Yanavunjika juu ya matumbawe, maji kina kifupi, na matumbawe hayana huruma na ngozi. Mwanafunzi wetu alibaki ndani ya mwamba, kwenye maji ya kiunoni, bamvua lilipojaa, akicheza na vile vijiwimbi vinavyobaki baada ya kuchoka. Siku ya tano alisimama. Sekunde nne, tano. Aliyekuwa nyuma yake alipiga takbiri mpaka wazee waliokaa barazani kwenye viti vyao vya kamba wakageuka. Kama nyote wawili ni wanafunzi msiende tulikokwenda sisi. Nendeni Weligama, kusini mwa Sri Lanka, kati ya Novemba na Aprili, chini ni mchanga na wimbi ni la kubembeleza. Na miezi ya kusi, upande wa mashariki wa nchi hiyo hiyo iko Arugam Bay, karibu na Pottuvil, mji wenye Waislamu wengi, msikiti na chakula cha halali havikusumbui.

Sasa tufike kwenye lile la sauti ya chini. Watu wa mawimbi wana ugonjwa. Mawimbi yakiwa mazuri hawasikii, hawaoni, hawajui wameoa. Tulikubaliana kabla ya safari: baada ya Alfajiri mpaka saa tatu asubuhi ni za wimbi. Mmoja anapanda dhoni na wenzake kwenda nje, mwengine anaweza kufuatana naye akakaa kwenye dhoni na chai yake akiangalia, au akalala. Saa nne mpaka Adhuhuri ni darsa la ndani ya mwamba. Kuanzia Adhuhuri hakuna ubao, hakuna simu ya utabiri wa mawimbi, hakuna "nachungulia tu".

Siku ya tatu wimbi lilikuja kubwa, alasiri. Kisiwa kizima kilikuwa kinakimbia na mbao kichwani. Mmoja wetu alikaa kwenye kibaraza akitafuna kijiti cha kinywaji chake mpaka kikaisha. Mwengine angeweza kusema "nenda", na alijua akisema atapendwa sana, na alijua pia akisema leo atasema kesho na keshokutwa, na fungate itakuwa ya mawimbi na mke amebebwa kama mzigo. Akanyamaza. Kwa dakika kumi hivi mambo yalikuwa mazito kuliko yanavyosomeka hapa. Kisha yule aliyekuwa akitafuna kijiti akasema, "Hebu tuende tukatazame, sote." Tukaenda tukakaa juu ya jiwe, tukatazama wenzetu wakipanda mpaka jua likataka kuzama, na yeye akieleza kila wimbi: hili litafunga, lile lina mdomo, huyu amechelewa kusimama. Wapo watakaosema kwenda kutazama ni kuvunja ahadi kwa mlango wa nyuma. Sisi hatuoni hivyo. Mtu akikufungulia anachokipenda kwa maneno, naye amekaa pembeni yako, amekupa zaidi ya chakula cha usiku chenye mishumaa.

Mtume, sallallahu alayhi wasallam, alishindana mbio na bibi Aisha, radhiyallahu anha, kwanza akashindwa, baadaye akashinda. Michezo ya mume na mkewe ina mahala pake katika dini yetu, na tunashangaa kwa nini darsa zetu za ndoa zinaanzia kwenye wajibu na kumalizikia kwenye wajibu.

Siku ya sita matumbawe yalimpata yule bingwa. Chini ya mguu, kidonda cha kidole kimoja urefu. Matumbawe yakikukata usidharau, yanaacha vipande ndani na kidonda kinavimba. Tukakisugua kwa maji safi na sabuni, chungu kweli kweli, tukapaka dawa, basi. Siku mbili hakuna bahari. Tulifukiza udi chumbani kidogo kidogo mwenye nyumba asidhani panaungua, tukasoma, tukajifunza kula mas huni asubuhi, jodari na nazi na kitunguu na pilipili, kwa mkate wao wa roshi. Siku hizo mbili hazikuwa kwenye mpango wowote, na ndizo tunazozizungumza zaidi.

Mambo madogo ya safari. Viza ya siku 30 hupewa bure ukifika, ila jaza fomu yao ya mtandaoni ndani ya saa 96 kabla. Saa zao zimetutangulia mbili. Ada ya mazingira tangu Januari 2025 ni dola 6 kwa mtu kwa usiku kwenye nyumba za wageni zenye vyumba chini ya 50, na dola 12 hoteli kubwa. Nyingi hazikuingizi kwenye bei unayoiona mwanzo. Kinachokula fedha ni ndege, kisha boti. Sisi tuliwaomba ndugu watutunze fedha badala ya masufuria, shangazi mmoja akaleta masufuria vilevile. Na Sala: kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa mahala siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, husali kamili. Tulikwenda kwa nia ya siku tisa, kwa hiyo njiani tulipunguza, kisiwani tukakamilisha. Mwenye ratiba ya kuhamahama amuulize shekhe wake kabla ya kuondoka.

Picha tumepiga nyingi, na humu hatukuweka hata moja ya bibi harusi akiwa majini. Hiyo ni yetu.

Mdogo wetu wa Mkunazini anaolewa Rajabu, inshaAllah. Hajasema anakwenda fungate wapi, lakini Jumamosi alfajiri anapanda daladala kwenda mashariki kujifunza kuogelea, na mama anafuatana naye. Hukaa chini ya mkungu na kanga yake mbili, chupa ya chai pembeni, anahesabu vichwa majini kwa sauti. Wakitoka wote ndipo anapomimina chai.